Mwenye Haraka Huonekana Miguuni

Wanangu wa Kisangani, ninyi wa Makiso na Mangobo, wa Kabondo na Tshopo, na ninyi mlio ng'ambo kule Lubunga, nasikia siku hizi poka imewakolea. Wengine mnaicheza kwa karata za kweli, chini ya taa ya sola umeme ukikatika. Wengine mmeinamia simu mpaka mega zinakwisha. Nasikia pia kwamba walio wajanja zaidi miongoni mwenu wameachana na hirizi na dawa za bahati, sasa wanatafuta utulivu. Wanasema mshindi wa poka ni mwenye moyo wa baridi, anayejijua. Wanasema kweli, na hapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Uongo mngeushtukia mapema. Kweli iliyokatwa nusu mtaibeba mpaka mfuko utoboke.

Sisimami kwenye mimbari. Sheikh ameshawaambia kamari ni haramu, padri na mchungaji wameshawaambia yao, na mama zenu wamelia, na wote hao hamkuwasikiliza. Nitazungumza kama mtu aliyemaliza ujana wake katika biashara ya almasi ya mji huu, biashara ambayo utulivu ulikuwa na bei yake, na bei hiyo tuliiona ikilipwa mezani, kwa noti.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe, maana baba zenu watasoma haya na hawaujui. Poka inayochezwa sana leo humpa kila mchezaji karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Kila hatua watu huweka dau, hulipandisha, au hutupa karata zao na kungoja mgao mwingine. Katika karata 52 kuna jozi za mwanzo 1,326. Iliyo bora kuliko zote ni asi mbili, na njia za kuipata ni 6 tu, yaani kwa wastani mara moja katika migao 221. Mtu anaweza kukesha mezani asiione hata mara moja. Na hata ukiipata, mwenzio akawa na wafalme wawili, mkaweka kila kitu katikati kabla karata hazijafunuliwa, utashinda kama mara nne katika tano. Ile iliyobaki utashindwa. Hukuibiwa, hukulogwa, wala jirani hakukutazama kwa jicho baya. Ulifanya sawasawa na umeshindwa, basi.

Hiyo mara moja ndiyo inayofilisi watu. Dau lililokwenda si kitu. Angalia migao kumi inayofuata.

Mtazame kijana aliyepoteza kwa asi mbili. Hapigi meza, tusi halimtoki. Amenyamaza, nanyi mnamsifu kwamba ana moyo. Mgao unaofuata anapewa saba na mbili za rangi tofauti, karata ambazo saa moja iliyopita angezitupa huku akipiga miayo. Safari hii anabaki nazo. Mkono wake unakwenda kwenye pesa kabla zamu yake haijafika. Mezani mko sita lakini yeye anamwona mmoja tu, yule aliyemla. Na ukiweza kusikia hesabu anayoifanya kichwani, utakuta anahesabu pesa zilizoondoka, zilizobaki hazihesabu tena. Kichwa kimeshika moto na mwenyewe anadhani ni baridi, kwa kuwa hakupiga kelele.

Wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika mwaka 1979 juu ya jinsi binadamu anavyopima faida na hasara. Hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha, na vipimo vilivyofuata viliyakadiria maumivu hayo kuwa kama mara mbili. Mama yeyote anayeuza samaki pale Soko Kuu angeweza kuwaambia hivyo bila kipimo. Lakini walisema na jambo la pili ambalo mama yule huenda asiliseme: mtu akishakuwa ndani ya hasara, hukubali hatari ambayo asingeigusa akiwa na faida. Yaani hasara hukuumiza, kisha hukubadilisha. Aliyeketi kwenye kile kiti saa nne usiku siye aliyekikalia saa mbili, ingawa shati ni lilelile.

Upo moto wa pili ambao hamwonywi, wa mtu anayeshinda. Ameshinda mara tatu mfululizo, sasa anawaeleza wenzake walivyopaswa kucheza. Anaagiza bia za meza nzima. Karata anazotupa zinapungua, kwa kuwa amesadiki usiku huu ni wake. Na upo wa tatu, mdogo, wa kuchoka kungoja. Poka ikichezwa vizuri ni kazi ya kutupa: unatupa, unatupa, unatupa, na wenzio wanacheka. Ikifika saa ya pili mtu anaingia na karata mbovu kwa sababu tu hakuja kukaa kama mlinzi. Nimeona pesa nyingi zikienda kwa uchovu kuliko kwa hasira, ila hasira ndiyo inayosimuliwa kesho yake.

Sasa niwape kisa cha Mangobo. Kulikuwa na fundi wa simu, kijana hodari wa hesabu. Mezani walizungumza Kilingala na Kiswahili kwa kuchanganya, kama tunavyozungumza sote hapa mjini. Lakini kijana huyu akiwa na karata mbovu, na akitaka kuwatisha wenzake watupe zao, alihamia Kifaransa. Kifaransa cha shule kabisa, na "messieurs" ndani yake, na mgongo umenyooka. Karata zikiwa nzuri alirudi Kilingala na mgongo ukalegea. Kila mtu pale mezani alijua isipokuwa yeye. Nani angemwambia? Siri hiyo ilikuwa inawalisha. Na jambo lililonichekesha mpaka nikaona haya ni kwamba wakati huohuo kijana alikuwa anatazama video za kujifunza kusoma nyuso za watu wengine. Alijua mtu akigusa pua maana yake nini. Lugha yake mwenyewe hakuisikia.

Ndiyo maana nasema kujijua kunatangulia. Macho ya mtu yametengenezwa kutazama nje. Ukitaka kujiona inabidi umwombe mwingine, na awe mtu asiyecheza nawe, kwa kuwa anayecheza nawe atakudanganya.

Nije kwenye mawe. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba na kuuza almasi na dhahabu, kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya kujificha. Mji huu ukabadilika. Wachimbaji walitoka machimboni, huko Banalia na Bafwasende, wakiwa na mawe ndani ya vikaratasi. Wanegosia wakayanunua na kuyaleta mjini. Na mjini kulikuwa na makontuari, nyumba za wanunuzi wenye leseni, kuta zao zimechorwa mawe makubwa yanayong'aa na noti za dola, ili hata asiyejua kusoma asipotee njia. Wanunuzi wengi walikuwa wageni, Walebanoni na wengineo, na kutoka kwao mawe yalipanda ndege kuelekea Antwerp.

Nilikuwa nikimbebea mkoba mnegosia mmoja mzee. Jina lake nitaliacha, ana wajukuu mjini. Chumba cha kununulia kilikuwa kidogo. Meza yenye karatasi nyeupe, taa, mizani midogo ya karati, pinseti, na lupu ambayo mnunuzi huisukuma jichoni kama kizibo. Muuzaji anafunua kikaratasi chake, mawe yanamwagika, pinseti inaanza kuyatenga: haya yana rangi, haya yana ufa, haya ni ya viwandani tu. Uzito, rangi, usafi, umbo. Hayo yote mtu anaweza kujifunza kwa miaka michache, na wawili waliojifunza vizuri hawatofautiani sana. Tofauti ya bei ilitoka kwenye maongezi.

Mnunuzi anaanza kwa adabu. Umefika lini? Umelala wapi safari hii? Na mtoto yule aliyekuwa na malaria, amepona? Treni ya Ubundu inaondoka lini? Mkimsikia mtasema ni mwungwana, na huenda alikuwa mwungwana. Lakini kila jibu lilikuwa linaandika bei. Aliyefika jana usiku hajapita kwa wanunuzi wengine. Aliyelala kwa shemeji hana pesa ya hoteli. Mwenye mtoto mgonjwa lazima auze leo. Na wakati mdomo wa mnunuzi unauliza habari za nyumbani, macho yake yanashuka chini ya meza. Mtu mwenye haraka huuweza uso wake, huuweza na mkono wake, lakini mguu unamtoroka. Kisigino kinapanda na kushuka. Unyayo umegeukia mlangoni. Nimeona mawe mazuri yakiuzwa nusu ya bei kwa sababu ya kisigino.

Mzee wangu hakuwa na uso wa jiwe. Alikuwa mwoga, nawaambia kweli, mikono yake ilitoka jasho kila mara. Alichokuwa nacho ni desturi. Kabla ya kuingia kontuari tulikaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara, kwa mama muuza chai. Alikunywa kikombe kizima, na andazi, hata kama jua limeshapanda na mimi nasukumwa na haraka ya utoto. Alijiuliza mambo matatu, kwa sauti, mimi nikisikia. Nimekula? Nani ananidai leo? Nikipewa bei iliyo chini ya niliyonunulia, nitafanya nini? Jibu la swali la tatu aliliandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, kiasi kimoja tu, akakiweka mfuko wa shati. Humo chumbani, maneno yakiwa matamu au makali, aligusa ule mfuko. Mnunuzi akisema bei iliyo chini ya karatasi, alikunja mawe yake na kuaga. Hakubishana na nafsi yake mbele ya mnunuzi, alikuwa ameshabishana nayo kwenye benchi.

Na kuna asubuhi tulikunywa chai tukarudi nyumbani. Alikuwa amegombana na mkewe, au alikuwa amemwota marehemu ndugu yake. Mimi niliona ni upuuzi kupoteza siku nzima kwa ndoto. Yeye alisema mnunuzi atamnunua yule mtu wa ndoto, mawe atayachukua kama nyongeza.

Mnaona kazi ya kujijua ilivyo? Hakujitahidi kuiondoa hofu. Alihesabu hofu zake kama anavyohesabu mawe, moja moja, kisha akaamua kabla hofu haijapewa kiti. Vijana wengi mnaposema utulivu mna maana ya sura: miwani myeusi, kofia imeshushwa, hamcheki. Sura inasaidia kidogo, sikatai. Ila kwenye simu hakuna anayeona sura yako, na bado watu wazima wa nchi nyingine wanakuona. Wanaona muda unaochukua kabla ya kubonyeza. Wanaona kwamba baada ya kushindwa unacheza kila mgao. Mguu wako unaonekana mpaka huko.

Lakini sikuleta habari ya mzee huyu ili mumfanye walii. Jioni wanegosia walikuwa na karata zao, nyuma ya baa moja, na pale wanaume walewale waliokuwa baridi mchana waliungua kama nyasi za kiangazi. Mtu aliyekataa kushusha bei ya jiwe hata kwa dola tano asubuhi, usiku aliweka dola mia kwa karata ambazo hata mtoto angezicheka. Kwa nini? Mchana alikuwa ameshiba, usiku amelewa. Mchana pesa ilikuwa ya jasho, usiku ilikuwa pesa ya mawe, imekuja bila kuitwa, iende itakako. Mchana ana karatasi mfukoni, usiku hana. Nikajifunza pale kwamba utulivu haukai ndani ya mtu kama urefu wake au rangi yake. Una saa zake, una chakula chake, una wadai wake. Anayesema "mimi ni mtu mtulivu" hajui bado. Muulize ni mtulivu saa ngapi.

Yupo mwanamke, Maria Konnikova, mzaliwa wa Moscow aliyelelewa Marekani, mwenye udaktari wa saikolojia. Hakuwa akijua hata idadi ya karata. Akamwomba Erik Seidel, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huu, amfundishe. Januari 2018 alishinda shindano huko Bahamas, dola 84,600, na mwaka 2020 akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Katika mafunzo yake lipo jambo nililolipenda: mwalimu alikataa kusikiliza vilio vyake. Akija kusimulia jinsi alivyokuwa na karata nzuri halafu ya mwisho ikamwangusha, mwalimu hakutaka habari hiyo. Alitaka kujua aliamuaje, alikuwa anajua nini wakati ule, na kwa nini. Sasa nendeni mkasikilize mazungumzo yenu wenyewe baada ya mchezo. Vilio vitupu. "Nilikuwa na asi! Karata ya mwisho, mzee, karata ya mwisho!" Kila mmoja anangoja mwenzake amalize kilio chake aanze cha kwake. Hakuna aliyetoka pale amejua kitu.

Ila angalieni pia, na hapa vijana wengi husoma wakaruka, kwamba mama huyo alikuwa na bingwa wa kumfundisha, alikuwa na kazi ya kuandika, na alitumia mwaka mzima kujifunza kabla ya lile shindano. Hakuuza pikipiki ya kaka yake.

Sasa nifike kwenye ile nusu ya kweli mliyoikata. Utulivu una faida mbele ya mtu. Poka unacheza na watu, na mwenye meza anakata fungu lake dogo kila mgao. Mkiwa sita na mmoja amekasirika, pesa yake ya hasira itagawanywa kwa watano waliotulia. Kwa hiyo moyo wa baridi una thamani pale, kwa kuwa upo moto wa mtu mwingine wa kuuchuma. Lakini nawaona mnautoa utulivu huohuo kwenye poka mnaupeleka kwenye pari za mpira, na kwenye ule mchezo wa ndege inayopaa simuni mpaka inatoweka. Mnavuta pumzi, mnajiambia nimetulia, nitatoka mapema. Mnatulia mbele ya nani? Ile ndege haina mguu chini ya meza. Haichoki, haikasiriki, hainywi bia.

Michezo ya namna hiyo hutangaza yenyewe kwamba hurudisha kama asilimia 97 ya kinachowekwa. Kijana akisikia 97 hufurahi, anaona ni karibu na zote. Haya, chukua franka 10,000, uzizungushe zote, kinachorudi ukizungushe tena. Mara 50, na kwa ndege ile mara 50 ni mchezo wa asubuhi moja. Kwa wastani kinachobaki ni kama franka 2,200. Mwenye hasira atafika hapo haraka, mtulivu atafika polepole, akiwa amevuta pumzi vizuri njia nzima. Na tiketi ya mechi kumi mnayoipenda: hata kama kila timu uliyoichagua ina nafasi 70 katika 100 ya kushinda, zote kumi kushinda pamoja ni chini ya mara 3 katika 100. Halafu ikikosekana mechi moja mnasema, "Nilikosa kidogo tu." Hukukosa kidogo. Ulipata kile tiketi za namna ile hutoa.

Huko Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, mpira wa gurudumu la bahati uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu wakajaa mezani kuweka pesa kwenye nyekundu, kila safari zaidi, wakisema sasa lazima, haiwezekani tena. Walipoteza mamilioni ya faranga. Walikuwa watu waliosoma, wenye suti, na nina hakika wengi wao walikuwa watulivu kabisa. Gurudumu halikumbuki lilikoangukia jana. Kumbukumbu ni yako wewe, na ndiyo inayokudanganya. Sitasema lolote juu ya wale wa karata tatu pale sokoni, mmoja anageuza na mwenzake anajifanya ameshinda. Anayekaa pale atulie asitulie ni mamoja.

Kuna jambo jingine la kwetu hapa ambalo halimo katika vitabu vya poka. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Vita vya Siku Sita. Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,600, na raia waliouawa mamia kwa mamia. Ninyi wengi mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni. Sisi tuliobaki tunasimulia kwa namna moja: bomu liliangukia nyumba ya jirani, mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji. Kila aliye hai ana hadithi kama hiyo, maana wasio nayo hawapo wa kusimulia. Watoto wakasikia hadithi hizo tangu utotoni, na baadhi wakakua wakiamini kwamba ukoo wao una bahati. Nimemsikia kijana akisema hivyo mezani kabisa, huku anasukuma pesa katikati: kwetu hatufi ovyo. Moyo uliniuma. Bomu halikuichagua nyumba ya jirani kwa ubaya wake wala halikuiacha ya kwenu kwa wema wake, na karata hazijui wewe ni mtoto wa nani. Kujijua ni pamoja na kujua hadithi gani ya nyumbani imo kichwani mwako unapoweka dau.

Na kwa kuwa nimegusa hapo, niseme na hili. Mwezi Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na sehemu kubwa ya hizo ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa. Kama kitu kitafika nyumbani kwenu kutokana na hukumu ile, pesa ya kifo cha shangazi yako isiguse meza ya karata wala simu ya pari. Hapo sina hesabu ya kuwapa. Ni mwiko tu.

Mtakaocheza bado mtacheza, nawajua. Basi fanyeni kama watu wenye akili. Pesa ya mchezo itoke kwenye kile kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, ada ya shule na chakula, na iende mezani ikiwa noti mfukoni, simu yenye pesa iachwe kwa dada yako. Kula kwanza. Kama unadaiwa, kama umegombana na mtu, kama hujalala, siku hiyo tazama tu. Amua kabla hujakaa utainuka saa ngapi na ukiwa umepoteza kiasi gani, uandike kwenye karatasi kwa kalamu, maana kilichoandikwa kichwani hufutwa na karata ya kwanza mbaya. Ukishindwa vibaya, inuka hata kama hujisikii kukasirika, hasa kama hujisikii. Nenda uani, unawe uso, rudi baada ya migao mitano. Watakucheka. Waliomcheka mzee wangu na andazi lake walikuwa wengi pia.

Kisha nyumbani andika migao mitatu. Usiandike ulishinda au ulishindwa, andika ulijua nini, ulijisikiaje, ukaamua nini. Baada ya miezi michache karatasi hizo zitakuonyesha mtu ambaye huenda usimpende. Utaona labda kwamba Ijumaa, siku ya mshahara, hucheza kama mwehu. Utaona labda kwamba mbele ya mtu mmoja fulani huwezi kutupa karata, kwa sababu ya neno alilokwambia miaka miwili iliyopita, na kila wiki unamlipa kwa neno lile. Wengine wenu mtaona kwamba hamchezi kwa kupenda karata, mnacheza kwa sababu nyumbani hakukaliki. Hilo likionekana, poka haina dawa yake, na ni heri lionekane kwenye karatasi kuliko kwenye madeni.

Siwaahidi kwamba mkitulia mtashinda. Wapo watulivu wenzenu, na wengine wana hesabu nzuri kuliko ninyi, nao wako kwenye simu hiyohiyo. Nikiulizwa faida ya jambo hili lote, nitasema wale wachache niliowaona wakijifunza kujitazama mezani walikuja kufaa mahali pengine: mmoja anauza mafuta ya mawese kwa jumla, hashikwi na bei ya kwanza, mwingine ni mwalimu, na darasa la watoto sabini halimtoi jasho. Karata wameziacha, au wanacheza kwa karanga.

Na yule aliyekuja Jumapili iliyopita baada ya misa, akanivuta pembeni, akaniomba dola 50 za kuingilia mchezo wa mwisho wa mwezi, akisema, "Mzee, sasa nimejifunza kutulia," nilimtazama miguu. Nikamwuliza kama amekula, akasema bado. Nikamwuliza nani anamdai, akaanza kutaja majina, na vidole vya mkono mmoja havikutosha. Nilimpa chakula. Hizo dola 50 sikumpa, na akija tena sitampa.